KUGAWANYIKA SI KUVUNJIKA

Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Oltepesi



Halmashauri imenipa nafasi niseme machache juu ya Dayosisi ya Kajiado ya Kanisa Anglikana. Najua ya kuwa wengi wetu si wa kanisa hilo, nami sikuja kuhubiri. Nimeichagua habari hii kwa sababu jioni ya leo tutapiga kura: je, Oltepesi iwe na tawi lake, au tubaki sote chini ya ofisi moja ya Kitengela? Wako wasemao kwamba kugawa ni kuua chama. Basi na tuwatazame wenzetu waliogawa kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1884 iliwekwa dayosisi moja tu, iliyoitwa ya Ikweta ya Mashariki ya Afrika. Askofu wake wa kwanza, James Hannington, alitakiwa kuwachunga watu kutoka pwani ya Mombasa hata Uganda. Mwaka 1885 alifunga safari kwa miguu, akapita katika nchi ya Wamaasai, na mwezi wa Oktoba akauawa Busoga. Kazi ile ilikuwa pana kupita nguvu za mtu mmoja.

Mwaka 1898 dayosisi hiyo iligawanywa, Uganda upande mmoja na Mombasa upande wa pili. Mwaka 1927 Tanganyika ya Kati ilitoka katika Mombasa. Mwaka 1955 Festo Olang' na Obadiah Kariuki waliwekwa wakfu, wakawa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuwa maaskofu katika kanisa hilo. Mwaka 1961 zilizaliwa Maseno, Nakuru na Fort Hall, na mwaka 1964 ikafuata Nairobi. Mwaka 1970 Kenya ikawa Jimbo la peke yake, na Olang' akawa Askofu Mkuu wake. Mwisho, mwaka 1993, Kajiado nayo ikawa dayosisi. Hesabuni wenyewe: ilipita miaka 109 tangu askofu mmoja wa nchi zote hata askofu wa Kajiado.

Sasa tutazame mpango wake. Chini kabisa yako makanisa madogo, mengine yalianzia chini ya mti. Makanisa kadhaa hufanya parokia moja, yenye kasisi na baraza la wazee. Parokia nazo huwekwa chini ya arkidikoni, kasisi mkuu anayeziangalia kwa niaba ya askofu. Juu yao iko sinodi, ambamo askofu, makasisi na walei hukaa pamoja na kuamua. Kwa hiyo mchunga ng'ombe aweza kusikiwa kwa kinywa cha mjumbe wake. Na ingawa dayosisi ni nyingi, katiba ya Jimbo ni moja, maaskofu hukutana, na kila dayosisi hutoa fungu lake kwa kazi ya wote.

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Apewaye nyumba yake hupewa na mzigo wake. Dayosisi mpya haina budi kuwalisha makasisi wake, hata mwaka wa ukame ambapo sadaka hupungua pamoja na mifugo. Nasi tukipata tawi, tusitazamie Kitengela itulipie kila kitu.

Hata hivyo, mimi nitapiga kura ya tawi, nami nitawaeleza sababu. Mwaka jana mjane mmoja wa hapa Oltepesi alikaa majuma matatu bila fedha za mazishi. Marehemu mumewe hakuwa na deni hata la senti moja. Jina lake lilikuwa katika daftari, na daftari nilikuwa nimelifungia kabatini Kitengela, nami nilikuwa safarini. Kosa lilikuwa langu, wala silikani. Tena mwanachama wa huku aendaye kulipa ada hutumia nauli kuliko ada yenyewe.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Tawi liwe na daftari lake, na nakala ipelekwe Kitengela kila mwezi. Lichague wajumbe wake wa Mkutano Mkuu. Fungu la makao makuu litolewe kwanza, kabla ya matumizi mengine. Na hesabu zote zikaguliwe pamoja, mara moja kwa mwaka.

Oltepesi, kama mjuavyo, ni jina la Kimaasai la mgunga, mti wa kivuli kipana. Lakini hata kivuli kipana hakimfikii aliye mbali nacho. Huyo hupandiwa mti wake.