Hotuba ya Ijumaa: Tangazo ni Ushahidi

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ndugu Waislamu, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu katika ibada na katika biashara, kwani anayetuona tukiwa msikitini ndiye anayetuona tukiwa sokoni.

Leo tunapenda kusema juu ya matangazo. Atokaye hapa Mwanza mjini kwenda Igoma au Buhongwa huyaona yamebandikwa juu ya nguzo na miti: mganga atibuye sukari na shinikizo la damu kwa siku saba, mwingine arudishaye mume aliyepotea, na wa tatu atoaye mali bila ya jasho. Kule mwaloni Kirumba hupita gari lenye vipaza sauti, likisifu chupa moja iponyayo maradhi kumi na mawili. Na wanaonunua si wajinga, kama wengine wanavyopenda kusema. Ni mgonjwa aliyechoka kupanga foleni, au mama aliyeuza dagaa wake hali mtoto yu nyumbani na homa. Tangazo la uongo halimtafuti mwenye nafasi ya kupeleleza. Humtafuta mwenye shida.

Waarabu wa zama za Mtume walikuwa na hila moja ambayo wafugaji wa Usukuma wataielewa mara moja. Mtu akitaka kumuuza mbuzi au ngamia, alimfunga chuchu, akamwacha siku kadhaa bila ya kumkama, hata kiwele kikajaa. Mnunuzi akakiona kiwele, akatoa fedha. Hapana neno la uongo lililotamkwa. Kiwele ndicho kilichosema. Mtume (S.A.W.) alilikataza jambo hilo, wala hakuishia kukataza. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alimpa mnunuzi hiari baada ya kumkama mnyama: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokwisha kuyanywa. Tazameni uadilifu huo! Hata yule aliyedanganya hakudhulumiwa maziwa yake. Hiyo ni sheria ya soko iliyo kamili: katazo, haki ya kurudisha, na fidia.

Wako ndugu husema kwamba biashara ni maneno, na mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Kama ingekuwa hivyo, mwenye mbuzi asingelaumiwa, maana mnunuzi alikuwa na macho yake. Vilevile Mtume (S.A.W.) alikataza najshi, yaani mtu kupandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua, ili mwingine anase. Na leo tunawasikia watu wanaolipwa kusema, “Mimi nilikuwa mahututi, nikapona,” nao hawakuugua hata siku moja. Je, hao ni nani kama si watu wa najshi?

Tutazame krimu za kung'arisha ngozi, ambazo watu huziita mkorogo. Baadhi yake zimekutwa na zebaki. Ndugu zetu wachimbaji wa Geita wanaijua zebaki, kwani ndiyo wanayoitumia kunasia dhahabu; na zebaki ikipenya mwilini huharibu figo. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini vingali vikiuzwa kwa siri, na picha iliyo juu ya kopo ni kile kile kiwele kilichojazwa. Juu ya madhara hayo kuna tusi. Binti wa Kisukuma, wa Kikerewe au wa Kihaya huambiwa kwamba rangi aliyoumbiwa na Mola wake ni ila ya kuondolewa, naye hulipa fedha kwa kutukanwa.

Lakini ahadi iliyotuumiza zaidi katika kanda hii ni ile ya mali bila ya jasho. Tangu mwaka 2007 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, kwa sababu wachimbaji na wavuvi waliaminishwa na waganga kwamba viungo hivyo huleta dhahabu na samaki. Januari 2009 Serikali ilifuta vibali vya waganga wa jadi. Disemba 2014 mtoto mwenye ualbino aliibwa usiku wilayani Kwimba, mkoani humu humu, na Januari 2015 wapiga ramli wakapigwa marufuku. Hatusemi kwamba kila karatasi iliyobandikwa mtini inaua. Tunasema kwamba mtu akizoeshwa kusoma kila siku kuwa utajiri hununuliwa kwa mganga, ipo siku atauliza bei.

Wala hatuwashambulii wenye kutibu kwa miti shamba kwa haki. Dawa ni neema, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwaundia Baraza la kuwasajili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mnunuzi. Na dawa haitangazwi bila ya idhini ya mamlaka, ambayo tangu 2019 inaitwa TMDA. Mwaka huo huo vipodozi vikawekwa chini ya TBS. Zote mbili zina ofisi za kanda hapa Mwanza. Lakini mkaguzi hawezi kukisikia kila kipaza sauti kipitacho Buswelu. Aliyeumizwa akinyamaza kwa haya, jirani yake naye atanunua.

Nanyi wenye kuta, wenye redio na wenye sauti nzuri, msijitoe kwa kusema, “Sisi tulilipwa kusoma tu.” Tangazo ni ushahidi, na Mtume (S.A.W.) aliuhesabu ushahidi wa uongo pamoja na madhambi makubwa kabisa. Kabla ya kupokea ada, ombeni cheti cha usajili mkisome. Kisipokuwapo, mrudishieni mtu fedha yake.

Kwa upande wetu, kamati ya msikiti imekubaliana kwamba tangu leo hapana karatasi ya dawa wala ya mganga itakayobandikwa juu ya ukuta wa msikiti wala wa madrasa, hata mwenyewe akiahidi kutuchangia saruji. Zilizokuwapo zitabanduliwa baada ya Sala. Na mwenye chupa au kopo analolitilia shaka, alilete kwa katibu Jumatatu asubuhi pamoja na risiti yake akiwa nayo, tulipeleke pamoja katika ofisi inayohusika.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, sisi nanyi na Waislamu wote.