Ukiandika Insha ya Afrika Mashariki, Shika Nchi Moja Kwanza

(Mazungumzo ya mwalimu wa kisomo na wanafunzi wa darasa la jioni)

Nimesoma insha zenu zote juu ya swali lile, kwa nini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Hati zenu zinasomeka vizuri. Lakini karibu wote mmeandika jambo moja: nchi zetu hazikupatana. Haya, hazikupatana juu ya nini? Hapo kalamu zimenyamaza.

Eneo zima ni kubwa, huwezi kulikumbatia mara moja. Shika nchi moja kwanza. Tuchukue Tanzania. Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na mabenki yakawa mali ya umma. Kenya ilifuata njia nyingine, matajiri binafsi wakaachiwa nafasi kubwa. Sasa reli moja na ndege zilezile, mali ya nchi tatu, ziendeshwe kwa mipango ya nani? Halafu Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote kule Uganda. Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua, akakataa kuketi naye. Na mambo makubwa ya Jumuiya yalitakiwa kuamuliwa na marais watatu pamoja. Basi, hawakukutana tena. Mmeona? Sababu hii ina mwaka wake na ina watu wake. Msomaji anaweza kuishika.

Lakini tuangalie. Mpishi huonja punje moja ya maharage akajua zote zimeiva, kwa kuwa zimo chungu kimoja. Nchi si maharage. Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977, ilikuwa na bandari yake ya Dar es Salaam. Uganda haina pwani, mizigo yake mingi ilipitia Mombasa. Kwa hiyo ukieleza yaliyoipata Tanzania, usiandike "nchi zote". Andika "Tanzania", kisha uliza, na Uganda je?

Mama mmoja hapa darasani kwetu amekulia karibu na Namanga. Insha yake ilikuwa na mistari sita tu. Nikamwuliza, mama, mpaka ulipofungwa ulikuwa wapi? Akasema alikuwa mtoto, na baba yake alikuwa akiuza ng'ombe upande wa pili. Mpaka ulifunguliwa tena 1983. Miaka yote hiyo mzee aliuza kwa bei ya hasara. Mbona hukuandika? "Nilidhani hayo si siasa, mwalimu." Jamani! Ndiyo siasa yenyewe hiyo. Nimemrudishia daftari aongeze.

Kazi ya Jumatano ni hii. Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa 1999 sasa ina nchi 8, na Somalia iliingia 2024. Chagua nchi moja tu, ueleze inatafuta nini humo. Atakayeniletea zote nane atazirudia.