Maarifa ya Mji Yawekwe Wapi?

Hotuba kwa wakazi wa Kisiwani na Mji wa Kale

 

Muyaka bin Haji alifariki karibu mwaka 1840, na tungo zake nyingi zikabaki vifuani mwa watu wa Mombasa. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua alizikusanya kwa wale waliozikumbuka, akishirikiana na mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor. Bila kazi hiyo zingezikwa na wenyewe. Lakini diwani ilipotoka mwaka 1940 ilichapishwa Johannesburg, na karatasi za Taylor ziko London. Mtoto wa Kibokoni anayetaka kuona hati za mji wake hutazama ng'ambo.

Kazi ya Mwalimu Sikujua ndiyo leo vyuo vinaiita usimamizi wa maarifa: kujua nani ana ujuzi gani, kuupokea kabla haujapotea, kuuweka panapopatikana, kisha kuurudisha kwa watu. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianzisha kitivo cha sayansi ya habari mwaka 1988. Wako wanaodhani somo hili ni kompyuta tu. Kompyuta ni kabati. Kabati tupu halimfai mtu.

Chukua Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor. Kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, kikawa taasisi ya ufundi, kikawa Politekniki, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Mtu anayetafuta rekodi za masomo za babake aulizie jina lipi? Swali hilo dogo linatosha kumfundisha mwanafunzi muhula mzima.

Upo pia ujuzi usioandikika. Fundi wa nakshi za milango hawezi kueleza kwa maneno patasi izame kiasi gani. Mkono ndio unaojua. Mwanafunzi wa somo hili basi hana budi kukaa karakana, si maktaba pekee.

Na hapa pana lawama ya haki. Mwanafunzi huja Mji wa Kale na karatasi ya maswali, bibi akampa asubuhi nzima, kahawa na haluwa juu yake. Akaondoka, asionekane tena. Tasnifu ikaandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa rafuni. Huko si kusimamia maarifa, ni kuyahamisha. Mwalimu atoe alama kwa kurudi pia: muhtasari wa Kiswahili usomwe barazani, nakala ibaki mtaani, na alichokataza bibi kisiandikwe. Siri za jamaa na dawa za ukoo zina wenyewe.

Kwa hiyo mkazi, akija mwanafunzi mkaribishe. Kabla hajafungua daftari lake, fungua lako: andika jina lake, chuo chake, jina la mwalimu wake, na siku atakayorudi.