Upendo wa Mungu Haukuusahau Mwili
Hotuba ya mlezi wa kwaya katika Jubilei ya miaka 25



Leo tunamshukuru Mungu kwa miaka 25 ya uimbaji. Kamati ya Jubilei iliniomba niseme machache juu ya maombi, upendo wa Mungu na afya ya mwimbaji. Kuna aliyeniuliza, "Mlezi, mambo hayo matatu yanakutana wapi?" Nikamjibu kwamba yanakutana chini ya mti mmoja jangwani.

Katika 1 Wafalme 19, nabii Eliya ametoka katika ushindi mkubwa wa mlima Karmeli, lakini sasa anamkimbia Yezebeli. Anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amtwae afe. Hayo nayo ni maombi, maombi ya mtu aliyechoka. Tazameni basi Mungu alivyomjibu. Hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwacha alale. Kisha akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena kwa sababu ya safari iliyokuwa mbele yake. Kwa nguvu za chakula hicho alitembea siku 40 mchana na usiku hadi Horebu, na huko ndiko Mungu alikosema naye kwa upole. Kwanza usingizi, mkate na maji, halafu ujumbe.

Wapendwa, huo ndio upendo wa Mungu. Haukuja kwa ajili ya roho peke yake na kuuacha mwili nje ya mlango. Bwana Yesu alipomfufua binti wa Yairo, nyumba nzima ilishangaa. Yeye akakumbuka kwamba mtoto ana njaa, akaagiza apewe chakula.

Kwa hiyo maombi na matunzo ya mwili havigombani. Mfalme Hezekia alipougua karibu kufa, aliomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Lakini katika sura hiyo hiyo, 2 Wafalme 20, Isaya aliagiza tini ziletwe na kuwekwa juu ya jipu lake, naye akapona. Maombi yalikuwako, na tini zilikuwako.

Nasema haya kwa sababu kuna jambo linaloniumiza. Wako ndugu zetu makanisani wanaoombewa leo, na kesho wanatupa vidonge vya presha au vya sukari, wakidhani kuendelea kuvimeza ni kukosa imani. Wengine huviacha kwa sababu wameuziwa chupa ya mitishamba. Presha haipigi kelele. Inaweza kupanda bila kichwa kuuma, hadi siku ya kiharusi. Kujisikia vizuri si ushahidi kwamba imeshuka. Na ikiwa imeshuka, mara nyingi ni kwa sababu dawa inafanya kazi. Wale wenye ukoma 10 wa Luka 17, Yesu aliwatuma waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa wakikagua ugonjwa huo. Basi ukiamini umeponywa, mshukuru Mungu, nenda ukapimwe, na daktari ndiye akupunguzie dawa. Muujiza wa kweli hauogopi kipimo.

Vivyo hivyo kwa kufunga. Mgonjwa wa sukari anayetumia insulini au vidonge akikaa bila kula, sukari yake inaweza kushuka ghafla hadi akazimia. Mama mjamzito naye ana mtoto anayemtegemea. Zungumza na daktari kabla ya kuingia kwenye maombi ya kufunga. Unaweza kufunga simu, kufunga televisheni, kufunga masengenyo. Mungu hatakuhesabia hasara.

Sasa nije kwa sauti, chombo chetu cha kazi. Ndani ya koo kuna nyuzi mbili ndogo za nyama. Noti inayotumiwa kulinganisha vyombo vya muziki ina mitetemo 440 kwa sekunde. Soprano akiiimba, nyuzi zake hugusana mara 440 kila sekunde. Fikirini wimbo mzima, halafu mazoezi ya saa tatu. Nyuzi hizo zinataka unyevu na mapumziko.

Kwanza, maji. Maji unayokunywa hayapiti juu ya nyuzi za sauti. Yanaenda tumboni, kisha yanazifikia kupitia damu. Kwa hiyo chupa unayoifungua mbele ya kipaza sauti imechelewa. Anza kunywa tangu asubuhi, kidogo kidogo.

Pili, pasha sauti moto taratibu kabla ya kuimba, na usishindane na spika. Epuka kukohoa kwa nguvu ili kusafisha koo, maana hapo nyuzi zinagongana. Meza mate au kunywa maji. Sauti ikikauka, nyamaza. Baada ya kesha, lala. Usingizi ulikuwa dawa ya kwanza ya Eliya.

Tatu, vya jikoni. Koo likiwasha, sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, kisha uteme. Chai ya tangawizi na limau yenye kijiko cha asali hutuliza koo na kikohozi. Lakini asali asipewe kamwe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kumletea sumu ya hatari. Mezani tusidharau managu, terere, kunde, sukuma wiki, maharagwe na matunda yetu. Na mkono uwe mwepesi kwenye chumvi. Ukitumia mitishamba au kitunguu saumu kingi pamoja na dawa za hospitali, mwambie daktari, hasa kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda.

Nne, vijue vya jikoni vinapoishia. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali. Na akina mama na akina baba wa kwaya ya watoto, nisikieni: mtoto mwenye homa na maumivu makali ya koo apelekwe akaonwe na daktari. Baadhi ya maumivu hayo huletwa na bakteria, na yasipotibiwa yanaweza kuleta homa ya rumatiki inayoharibu vali za moyo maisha yote. Tangawizi haiui bakteria hao. Dawa ya kuwaua ipo, na imalizwe yote hata mtoto akianza kucheza siku ya pili.

Mwisho, wapendwa, Eliya hakujipikia ule mkate. Aliletewa. Katika kwaya hii kuna mtu aliyekosa mazoezi majuma mawili, na jina lake limewekwa alama ya kutokuwapo. Kabla ya faini, apelekewe uji. Kabla ya kuulizwa sababu, aulizwe kama amekula, kama amelala, kama ana nauli ya kwenda kliniki. Muombeeni akiwa amewashika mkono, halafu mmsindikize akapimwe. Hapo atajua kwamba Mungu anampenda, kwa maana atakuwa ameuona upendo huo ukiingia mlangoni na kikapu.

Mungu awape alto, tena, besi na soprano wetu miaka mingine 25 ya kumsifu, katika miili iliyotunzwa na mioyo inayopendana.