AVC haichagui muji, lakini kupona kunachagua

Wandugu wa Butembo na Beni, na ninyi wote munaotufuata kwa simu,

Munatujua kwa mambo ya barabara, maji na usalama. Wengine wameshauliza: sasa AVC inawahusu nini ninyi vijana? Musikilize kwanza, mutaona ni hadisi ileile.

Mutu anaamuka asubui, mudomo umepinda, mukono moja hauinuke, maneno hayatoke vizuri. Kwa kartie watasema ni karuho, ao wamemuroga. Wanamupeleka kwa maombi, siku mbili zinapita. Tusiwacheke. Batu wanaenda kule mulango uko wazi na hawaulizi franga kwanza.

AVC iko aina mbili. Moja, damu inaganda na kufunga mushipa wa ubongo. Ingine, mushipa unapasuka na damu inamwangika ndani. Kwa macho zinafanana. Kuzitofautisha inaomba skana. Bila skana muganga anakisia tu, na kukisia hapa ni hatari, juu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kuua mwenye mushipa wake umepasuka. Hata aspirini ya nyumbani, tafazali, musimupe. Na ile dawa ya kuyeyusha inapashwa kuingia mbele masaa 4 na nusu yapite tangu dalili ya kwanza.

Masaa 4 na nusu. Tupige hesabu pamoja. Skana za nchi hii zimerundikana Kinshasa na kwa miji michache mikubwa, waganga wa ubongo vilevile. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1500 na sisi, hakuna barabara ya kufika, ni ndeke tu. Goma? Uwanja wake wa ndege ulifungwa Januari 2025. Basi mwenye kuwa na franga anaelekea Kampala. Toka Beni mpaka Kasindi ni kilomita karibu 80, na munajua wenyewe ile barabara imetuzikisha wangapi. Hakuna dereva mwenye akili atakubali kuipita saa nane ya usiku. Na ukivuka mupaka, bado zaidi ya kilomita 400. Mugonjwa atafika, pengine. Ubongo hautafika.

Na si sisi peke yetu. Uvira wanatazama Bujumbura, Bukavu wanatazama Rwanda, Lubumbashi wanavuka Zambia. Nchi ya provensi 26, na hospitali yake ya kutegemea iko kwa jirani! Lakini tusidanganyane pia juu ya Kinshasa. Kule mashini iko, ila unalipa mbele, na masikini wa Masina anaweza kukosa skana akiwa karibu nayo kuliko sisi.

Kuna watu wanasema tansio ni ugonjwa wa watu wa miji, wa wakubwa wenye kitambi. Ni kweli muji unaleta yake: makayabu, chumvi, kubu katika kila chungu, kukaa siku yote. Lakini kwa kijiji ambako hakuna mashini ya kupima, hakuna pia tansio, kwa karatasi. Mama anaanguka kwa shamba, wanaandika "kifo cha gafula". Zoni za afya ziko 519 kwa nchi nzima. Ramani ya ugonjwa tunayoonyeshwa ni ramani ya mahali mashini ziko. Tuongeze vita. Mwenye kukimbia bunduki anabeba watoto na godoro, dawa ya tansio inabakia kwa meza, na tansio isiyotunzwa ndiyo inaleta AVC kuliko kitu kingine. Na watoto wetu wa SS, wenye wanaweza kupatwa na AVC hata mbele ya miaka 10, nani anawahesabu?

Katiba ya 2006, artikle 47, inasema haki ya afya imehakikishwa. Abuja, 2001, wakubwa wa Afrika waliahidi 15 kwa mia ya bajeti kwa afya. Kwa uzazi, serikali ilianza kulipia wamama Kinshasa mwaka 2023. Basi inawezekana kulipia kitu ikitaka. Tunaitisha hivi: mashini ya tansio na dawa zake za bei ya chini kwa kila kituo cha afya, mbele ya skana. Ndiyo, mbele. Skana bila umeme na bila mutu wa kuisoma ni sanduku la kufungulia kwa kamera. Kisha skana yenye kutembea kweli kwa kila provensi, na mugonjwa wa AVC apokelewe kwanza, makuta yafuate.

Sisi tunaanza na yetu. Jumamosi, tangu saa mbili ya asubui, tutapita kwa kartie na mashini mbili za kupima na muganga mwenzetu. Kila moja alete mutu mukubwa wa nyumbani, na yule anayejisikia muzima kabisa pia, juu tansio haiumi. Ikipita 14 kwa 9, atapimwa tena siku ingine, na ikirudilia, tutamusindikiza kituo cha afya. Tutaandika hesabu zote bila majina. Jumatatu tutazipeleka kwa biro ya zoni ya afya, na wakitufungia mulango, tutazisoma kwa sauti pale inje.