Miaka ya Utingo Inahesabiwa Wapi?



Juma lililopita nilikuwa Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora. Wengi wenu mnapajua kwa seminari yake. Mimi nilipelekwa huko na shughuli ya kifamilia, na wakati wa kurudi mjini, kwenye barabara itokayo Sikonge, nikakuta lori lililosheheni tumbaku limesimama. Dereva alikuwa amelala kivulini. Chini ya tela alikuwako utingo wake, anahangaika na jeki.

“Shikamoo mzee,” akaniamkia. Nikaitikia, ingawa uzee huo bado sijauzoea.

Amekuwa utingo kwa miaka sita. Anajua kufunga turubai lisipeperuke, anajua mzigo ukiegemea nyuma mizani italalamika, na anaweza kukueleza ni gia gani ya kuteremkia mlima Sekenke ili breki zisiungue. Alipofahamu kazi yangu akaniuliza: “Mzee, wewe ni mtu wa redio. Hii miaka yangu sita niipeleke dirisha gani?”

Sikuwa na jibu. Sheria yetu inataka mwombaji wa leseni ya daraja E, ile ya malori, awe ameshika daraja D kwa muda usiopungua miaka mitatu. Daraja D ni ya gari dogo la kutembelea. Kinachohesabiwa hapo ni umri wa leseni. Kijana wa mjini anaweza kuipata, akaifungia kabatini, akawa anaendesha gari la mjomba wake Jumapili kwa Jumapili. Miaka mitatu ikitimia anayo haki ya kuomba ajaribiwe kwa lori. Utingo wetu hana D, kwa sababu hana ada ya shule ya udereva wala mjomba mwenye gari. Miaka yake sita ni sawa na sifuri.

Hata akiipata hiyo E, matangazo ya kazi yanamsubiri: uzoefu wa malori miaka mitatu, mengine mitano. Ataupata wapi na hakuna anayemwajiri bila huo uzoefu?

Basi hujifunza kwa njia mnayoijua. Saa nane za usiku, barabara nyeupe, dereva macho yamemwisha, anampisha utingo usukani. Kijana alinikubalia kwamba amekwishapishwa. Tangu lami ya kwenda Mpanda ilipozinduliwa mwaka 2022, alisema, inakuwa rahisi zaidi. Simtetei. Ni kosa, tena kosa la hatari. Lori linaruhusiwa kufika tani 56 pamoja na mzigo wake, na mbele yake huenda lipo basi ulilopanda wewe. Ajali ikitokea, wa kwanza kukimbilia porini atakuwa yeye.

Kinachoniuma ni kwamba jambo hili linatokea hapa Unyamwezini. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita Tabora kwenda Bagamoyo, na wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi. Kila mmoja alijitwisha kama frasila mbili. Kijana asiyefika pwani alihesabiwa bado mtoto, na wageni waliopita waliandika kwamba hata kuoa alingoja kwanza safari hiyo. Kirangozi, yule atanguliaye mbele ya msafara, alikuwa mtu ambaye wenzake wanajua amepita wapi na mara ngapi.

Mtaniambia vyuo vipo. Ni kweli, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinafundisha udereva wa magari makubwa, na VETA pia. Lakini mtu wa posho ya safari hawezi kuacha safari akakaa darasani kwa ada yake mwenyewe. Madereva wenye kazi walishindwa hilo. Mgomo wa mabasi na malori wa Aprili 2015 ulihusu, pamoja na mikataba ya ajira, agizo la kurudi shule kila leseni inapohuishwa.

VETA hiyo hiyo, hata hivyo, inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Fundi magari aliyejifunzia chini ya mwembe hupimwa, kasoro zake huzibwa, hupewa cheti. Kwa nini utingo naye asiwe na daftari la safari, akapewa leseni ya kujifunza, akaendeshea mchana akiwa na mwalimu pembeni, kisha safari zake zikahesabiwa?

Najua mtakalosema: sahihi za daftari zitauzwa. Zitauzwa, sina shaka. Lakini lori huacha nyayo zake, kuna karatasi za mizani na stakabadhi za mzigo, na hizo zinaweza kulinganishwa na daftari. Leseni iliyokaa kabatini haina hata kimoja cha kulinganisha.

Tairi lilipokwisha kufungwa dereva aliamka, akanawa uso. Wakaondoka, kijana amekaa kushoto.

Hadi juma lijalo, kwaherini.