Mama Aliyebaki Mosocho



Asubuhi hii tunasema juu ya wazee. Watu wetu wa Kisii wamehamia Marekani kwa wingi, hasa Minneapolis na mji jirani wa Brooklyn Park, katika jimbo la Minnesota. Wengi wao wamepata kazi katika nyumba za kutunzia wazee. Mzee asiyejiweza hukaa humo, kengele ikiwa karibu na mkono wake. Akiita usiku, huenda anayekuja ni binti wa kwetu. Humgeuza asipate vidonda mgongoni, humwogesha, humlisha kwa kijiko. Ni kazi ya heshima. Anayeidharau hajapata kumwinua mgonjwa.

Juzi tulikwenda kumwona mama mmoja hapa Mosocho ambaye binti yake hufanya kazi hiyo. Nyumba ni ya matofali, mabati yang'aa. Fedha za binti hufika kwa simu, tena mama hupata zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, ambazo serikali huwapa wazee waliosajiliwa wa miaka 70 na zaidi. Lakini tulimkuta hajala tangu jana yake. Unga ulikuwamo. Magoti yalimkatalia kuinama mekoni, na hakuwapo wa kumkokea moto.

Tena mzee wa peke yake hana wa kumsemea. Mnakumbuka Oktoba 2021, kule Marani, jirani zetu, wanawake wanne wazee walivyouawa kwa kushukiwa uchawi.

Katika Marko sura ya 7 Bwana Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, wamemtolea Mungu, wasipate kuwasaidia wazazi wao. Tulidhani neno hilo lawahusu watoto walio mbali. Binti yule tumlaumu kwa lipi? Hufanya zamu ya usiku, na fedha hutuma. Sisi tunaokaa hatua mia mbili kutoka mlango wa mama, tumefanya mikutano mitatu juu ya viti vipya vya kanisa.

Tulikoka moto. Mama alipokuwa akinywa uji alituuliza, huko Marekani sasa ni saa ngapi? Tulihesabu kwa vidole: kwetu saa kumi alasiri, kwao asubuhi, binti akitoka kazini.

"Je," akasema, "yeye amekula?"